Miji na gesijoto: maswali yenu

Miji mingi inaahidi kumaliza gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto na kupasha dunia, ifikapo 2050. Wanaanzia wapi? (Msomaji, Tanga)

Wanaanza na hesabu: mafuta yaliyouzwa, uniti za umeme, mkaa na gesi ya kupikia, tani za taka. Majibu hayafanani kati ya jiji na jiji. New York iliona kwamba karibu theluthi mbili ya gesijoto yake inatokana na majengo, ikatunga sheria mwaka 2019. Tangu 2024, jengo kubwa linalovuka kikomo hutozwa dola 268 kwa kila tani iliyozidi. Dar es Salaam ikiiga sheria hiyo itahangaika na maghorofa ya Posta, katikati ya jiji, wakati mzigo uko barabarani, jikoni na damponi.

Kuna jiji lililotimiza ahadi? (Msomaji, Mombasa)

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilijiwekea lengo la kutimiza ifikapo mwaka 2025. Imepunguza sana, hasa kwa kupasha nyumba joto kupitia mabomba ya pamoja, lakini mwaka 2022 ilikiri kwamba haitafika: mradi wa kunasa hewa ukaa, gesijoto kuu, kwenye kiwanda cha kuchoma taka cha Amager ulikosa fedha.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza kwa kuchoma dizeli kama daladala. Yanasaidia nini? (Msomaji, Ubungo)

Basi refu la njia ya Kimara, iliyofunguliwa Mei 2016, hubeba abiria zaidi ya 100 na lina barabara yake. Daladala kwenye foleni huunguza mafuta bila kumsogeza mtu. Ila faida hiyo ipo pale tu basi linapokuja. Abiria akichoka kusubiri kituoni, kesho atapanda bodaboda, na akipata mkopo atanunua gari. Ndiyo maana kwangu vipuri vya mabasi na idadi yake ni suala la tabianchi kabisa. Hatua inayofuata ni umeme. Nairobi ina mabasi hayo tayari, na takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua.

Mimi ni mama lishe. Naambiwa mkaa wangu unaharibu hewa. Nipikie nini? (Msomaji, Buguruni)

Mama, lawama si yako. Sehemu kubwa ya nishati ya kuni hupotea kwenye tanuri la udongo huko porini, kabla gunia halijafika mjini. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na njia zipo: jiko la umeme la presha huivisha maharage ya familia kwa pungufu ya uniti moja. Kikwazo ni kwamba mkaa unaununua kwa kopo, kulingana na mauzo ya siku, ilhali jiko na mtungi wa gesi vinataka fedha yote kwa mkupuo. Dar es Salaam kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kadiri unavyotumia. Ulizia mtaani kwako. Mpango wa jiji usiogusa mfuko wa mama lishe hautaondoa mkaa.

Maganda ya ndizi yanahusikaje? (Msomaji, Sinza)

Yakifukiwa chini ya lundo la dampo bila hewa, hutoa methane, ambayo kwa miaka 20 hupasha dunia joto takriban mara 80 ya hewa ukaa. Yakigeuzwa mboji na kupinduliwa yapate hewa, methane hupungua sana. Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Tenga ndoo mbili nyumbani, moja ya taka zinazooza na nyingine ya taka kavu, lakini muulize kwanza mzoa taka wako: akizichanganya tena kwenye gari, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.