Vyombo vya biti 32 kwenye kompyuta mpya: usivitupe, ila usivitegemee

Mkuu, umeuliza hivi: umenunua kompyuta mpya ya Windows 11, umeweka FL Studio ya sasa, ile programu ya kutengenezea muziki, halafu vinanda vyako vya enzi za Windows XP, vile vya programu vinavyofunguka ndani yake, vingine havionekani kabisa na vingine ukivifungua vinaangusha programu nzima. Unataka kujua uvitupe uanze upya au kuna namna, na mwishoni ukataja vile vya kwenye fleshi ya "vyombo 500 vya studio".

Namna ipo. Mimi bado natumia vitatu vya miaka hiyo karibu kila wiki, kwenye chumba kimoja huku Mbagala chenye trei za mayai ukutani. (Najua trei za mayai hazizuii sauti kutoka. Msianze.)

Tatizo lako la kwanza ni biti, yaani ukubwa wa data ambao programu imeandikwa kuushughulikia kwa mkupuo, na siyo biti ya mdundo. Vyombo vingi vya miaka ile viliandikwa kwa biti 32, na programu ya kurekodia ya leo ni ya biti 64. Hii ya leo haiwezi kukibeba kile cha zamani tumboni mwake. Kinachofanyika ni kukiendesha pembeni kama programu inayojitegemea, kisha sauti na noti zikawa zinavushwa kwenda na kurudi. Ndiyo maana wengi tunaita daraja. FL Studio na mwenzake Reaper zina daraja lao humo humo, hununui kitu. Kwa programu nyingine za kurekodia, Cubase iliacha kupokea biti 32 kuanzia toleo la 9, mwaka 2016, na Ableton Live kuanzia toleo la 10, mwaka 2018. Huko utahitaji daraja la kununua kama jBridge, nalo si ghali. Mwenye Mac asijisumbue: macOS Catalina ya mwaka 2019 ilikataa programu za biti 32 moja kwa moja.

Kwa hiyo vile visivyoonekana, angalia kwanza vipo folda gani. Vya biti 32 kawaida hukaa ndani ya Program Files (x86), kwenye folda ya VstPlugins. Kama uliviburuta tu kutoka kwenye diski ya zamani ukavitupia popote, FL haijui pa kuvitafuta, mwonyeshe hiyo folda kisha skani upya. Vikionekana lakini vikagoma kufunguka, mara nyingi kinachokosekana ni zile maktaba za Visual C++ za x86. Watu wanaweka za x64 peke yake wakidhani kompyuta ni ya biti 64 basi imetosha. Chombo cha biti 32 kinataka za kwake. Mimi hilo lilinilia siku mbili nzima.

Uzito wala usikutishe. Vitu vilivyotengenezwa vikimbie kwenye Pentium 4, kwenye prosesa ya leo ni kama kumtuma baunsa akuletee kibiriti. Kinachokera ni macho: kwenye skrini kali dirisha lake linakuwa dogo kama stempu, unazungusha vinobu kwa kukisia.

Sasa kwa nini nisikuambie uvitupe tu. Zile nyuzi za bandia, zile tarumbeta za plastiki, ndizo sauti zilizojaa kwenye nyimbo nyingi za kwaya na Bongo Fleva tulizokulia nazo. Niliwahi kununua nyuzi za kisasa, gigabaiti kwa gigabaiti, zimerekodiwa kwenye ukumbi mkubwa kwa wanamuziki wa kweli. Nikamwekea mteja kwenye kibwagizo. Akasikiliza, akatikisa kichwa: "Kaka, hii ni ya kwenye sinema. Niwekee ile yetu." Ile yetu ilikuwa kwenye chombo cha biti 32 ambacho waliokitengeneza walishaachana nacho zamani.

Na hapo ndipo kwenye kisa kilichonifundisha. Mwaka 2009 nilirekodi kwaya moja ya hapa hapa mtaani, nyimbo nane. Mwaka 2021 mwenyekiti wao akaja, wanaandaa jubilei, wanataka ala tupu za wimbo mmoja waimbie jukwaani. Nikamwambia njoo kesho jioni uchukue. Kifua mbele kabisa, maana mradi nilikuwa nao kwenye diski. Nikaufungua, FL ikaniorodheshea vyombo vinne haivioni. Ngoma zilikuwepo, sauti za waimbaji zilikuwepo, noti zote za kinanda zilikuwepo zimejipanga kwa rangi zake, ila hakuna wa kuzipiga. Viwili nilivipata na kuviweka upya. Kimoja nikakibadilisha. Cha nne, kilichobeba nyuzi zote za wimbo, leseni yake ilikuwa kwenye kifunguo cha USB ambacho sijui nilikipoteza wapi, na sehemu ya kuomba kingine haikuwepo tena. Nikatengeneza nyuzi za kufanana. Mama mmoja wa sauti ya pili aliposikia mazoezini akasema, "Mbona kama siyo wimbo wetu?" Hata mimi nilikuwa nasikia.

Tangu siku hiyo chombo cha zamani nakichukulia kama mzee mpiga kinanda aliyepita studio mara moja akiwa safarini: mrekodi akiwa yupo. Nikimaliza kupanga noti, siku ile ile kila mstari unatoka kama faili la WAV, mkavu bila mwangwi, kuanzia mwanzo wa wimbo hata kama kinapiga dakika ya tatu tu, ili mafaili yote yaanze pamoja. Jina la faili lina jina la chombo na la sauti niliyochagua. Noti naziacha chini yake nimezizima. Mradi ukifunguliwa mwaka 2040 bila chombo chochote, wimbo upo.

Kwa zile sauti unazozipenda sana, nenda mbali zaidi: zichukue sampo, yaani zirekodi noti moja moja. Mimi nyuzi za chombo kimoja nilizirekodi noti moja kila baada ya nusutoni tatu kwa oktava tano, hiyo ni noti 21, kila noti kwa nguvu tatu, ya taratibu, ya kati na ya kukandamiza. Jumla 63, kila moja sekunde nane. Kompyuta ilipiga yenyewe kwa chini ya dakika tisa, mimi nakunywa chai. Kukata na kupanga kwenye sampla, programu inayopiga noti hizo ulizorekodi, ndiko kulikonila Jumapili nzima. Ila sasa zinapigika kwenye programu yoyote. Hizo tumia kwenye nyimbo zako tu. Kuzigawa au kuziuza kama sampo leseni nyingi zinakataza.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia kabla hujarekodi chochote. Vingine vya zamani vimezoea 44.1 kHz peke yake, yaani vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde. Nilikuwa na kazi ya video, mradi upo kwenye 48, nikafungua filimbi moja ya bure ikawa inaimba juu ya kila mtu, karibu nusutoni moja na nusu. Nilimlaumu mwimbaji kwanza, Mungu anisamehe. Ikikutokea, kipige kwenye mradi wa 44.1, toa WAV, hamishia huko.

Kuhusu ile kompyuta yako ya XP, usiiuze kama bado inawaka. Itoe kwenye intaneti moja kwa moja, iachie vyombo vyake, ipelekee noti kwa kebo ya MIDI na sauti yake iingize kwenye mashine mpya kama unavyorekodi kinanda cha kawaida. Inakuwa ala nyingine tu pale mezani.

Na kabla hujahangaika na kila kimoja, angalia kama hakina toleo jipya. Synth1 ya Ichiro Toda, ile ya bure tuliyoanza nayo wengi, ina biti 64. Surge ilikuwa ya kuuzwa, ikaachiwa msimbo wake mwaka 2018, leo ni Surge XT na bure kabisa. Kama ulichokuwa unapenda ni vinanda vya umeme na kengele za DX7, kinanda cha Yamaha cha mwaka 1983, chombo cha bure kiitwacho Dexed kinapokea hata mafaili ya sauti za DX7 yenyewe.

Vile vya kwenye fleshi ya "vyombo 500 vya studio" ulivyovitaja mwishoni, hivyo ndivyo vya kutupa. Mimi moja ya fleshi hizo iliondoka na miradi yangu ya miezi minne.

Hebu nitajie majina ya vile vinavyoangusha programu, na kama ulivihamisha au uliviweka upya, tuangalie kimoja kimoja.