Mugonjwa mwenye kope zimeanguka: neno kwa bastajeri bapya ba irijansi

Bandugu mulioanza staji mu irijansi (kwenye banapokea bagonjwa ba haraka) hapa Goma, hii ya botulismu, sumu ya mikrobe ya mu chakula yenye inalegeza misuli, muishike mapema, mimi niliishika nimechelewa. Mama moja alikuya usiku anatapika, kinywa kikavu, tukaandika gastriti, seromu, akarudi kwake. Kesho yake njo banamurudisha, kope zimeanguka, anaona batu babilibabili, sauti inatokea mu pua, mate inamukwama, familia banasema ni karuho (sumu ya kulogwa) banataka kumupeleka kwa muganga. Kumbe alikula samaki yenye alifungia mu chupa na mafuta tangu wiki mingi.

Botulismu inaanzia juu inashuka, pande zote mbili sawasawa: macho, kumeza, shingo, mikono, kifua. Guillain-Barré, bugonjwa ingine ya neva yenye inalegeza misuli, mara mingi inaanzia ku miguu inapanda. Homa hakuna, ukimugusa anasikia, na akili iko timamu kabisa, hapo njo tunadanganyika, mutu analala kope chini, hasemi, munafikiri amelewa. Mupandishie kope na kidole, umuombe afinye mukono yako. Sumu ya dawa ya badudu ya shamba, ile tunaona sana, inamwaga mate na mboni inakuwa ndogo sana. Huku kinywa kikavu, mboni mara mingi kubwa.

Uliza chakula cha siku zilizopita, si cha leo tu, kawaida dalili zinaanza masaa 12 mpaka 36 kisha kula lakini inaweza kufika siku 8. Na wenye walikula naye, batafutwe leo leo.

Saturasio (oksijeni ya mu damu) 98 isikutulize, inashuka mwisho kabisa. Avute pumzi moja ahesabu kwa sauti, uandike amefika wapi, urudilie kila saa. Kama namba inapunguka ao hawezi kuinua kichwa ku mto, ita reanimasio (benye mashine ya kupumua) mbele achoke. Kwa kinywa usimupe kitu. Antitoksini inakamata sumu yenye ingali mu damu, yenye imekwisha kushika neva haiitoe tena, njo maana hatungoje labo, unapigia daktari mukubwa wa zoni ya afya siku ileile. Ikifika, adrenalini ikae karibu, maana antitoksini inatoka mu damu ya farasi, mwili unaweza kuikataa kwa nguvu. Jentamisini, ile antibiotiki, usiandike, inalegeza misuli zaidi.

Yule mama alikaa ku mashine wiki tano. Sauti iliporudi, aliniambia ule usiku alikuwa anasikia vile tunabishana kama ni pombe.