Ukali wangu ulikuwa mdomoni

Wiki hii mmeuliza kama malezi ya ukali yanaweza kumtia mtoto wa shule sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na nina kijana wa darasa la sita, basi nitajibu kwa yaliyonikuta.

Sonona nilidhani ni kulia na kujifungia chumbani. Mwanangu hakulia hata siku moja, alinuna tu. Ukimtuma dukani anakujibu kwa mkato. Asubuhi ya shule tumbo linamuuma, Ijumaa jioni limepona. Nikasema anadeka. Usiku mmoja nikampakulia ugali na kichwa cha sato, anachokigombania tangu mdogo. Akakichokonoachokonoa, akasogeza sahani, akasema ameshiba. Hata tonge tatu hazikufika! Nikamfokea: "Mwenzako hapo jirani kawa wa pili darasani, na mama yake hata mtaji hana. Wewe umeshiba nini?"

Maneno hayo nilikuwa nayo karibu kila siku. Fimbo sijamshikia tangu darasa la pili, kwa hiyo nilijihesabu mama mpole.

Mwalimu wake ndiye aliyeniita akaniambia nimpeleke hospitali. Tukapanda Bugando. Ndipo nikaelewa kwamba sonona ya mtoto mara nyingi hutokea kama hasira na kukereka kwa urahisi, tumbo au kichwa kuuma bila ugonjwa kuonekana, na kuacha alivyovipenda. Hali ikidumu wiki mbili au zaidi, si ya kusubiri.

Binti yangu aliye chuo akanitafutia mengine kwenye simu. Tangu miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, Diana Baumrind, alitenganisha mzazi wa amri tupu na mzazi mwenye sheria lakini anayemsikiliza mtoto, na yule anayeachia kila kitu. Kwa hiyo sheria peke yake si tatizo. Mwaka 2007 watafiti walijumlisha tafiti 45, wakaona malezi yanaeleza kama asilimia 8 tu ya tofauti za sonona kati ya mtoto na mtoto. (Mawifi wanaosema kila kitu ni kosa la mama, someni hapo.) Ila katika hayo malezi, kilichohusiana zaidi na sonona ni uhasama wa mzazi kwa mtoto: kumkosoa, kumdharau. Yaani mdomo wangu. Na mambo huzunguka: alinuna nikafoka, nikafoka akanuna, na sijui hata nani alianza.

Nyumbani sheria zipo palepale. Simu saa 2 usiku inawekwa kabatini, vyombo ana zamu yake. Nilichoacha ni kumtaja mtoto wa jirani, na kuna siku nang'ata ulimi kabisa. Baba yake anasema tunamharibu mtoto, hatujakubaliana bado.

Kliniki tunaendelea nayo. Jumamosi iliyopita alikuja Mwaloni bila kuitwa, akakaa juu ya gunia la dagaa, kimya, mpaka nikafunga biashara.