Barua kwa Mwanangu: Chupa Yetu Kwenye Meza za Watu

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako anakusalimu sana. Mizabibu ya shamba la juu, hapa kwetu Hombolo, Dodoma, tumeshaipogoa na imeanza kuchipua.

Umeniuliza hivi: Desemba tukikutana Zanzibar, sisi na wakwe zetu wa Lushoto, je, ni sawa ubebe mvinyo wetu tukienda kula nje, ulipe ada ya kufungua chupa kama mlivyozoea huko Cape Town? Jibu ni fupi. Inategemea mgahawa. Mji Mkongwe kuna migahawa yenye leseni ya kuuza kileo, na ipo mingi isiyotaka kileo kivuke mlango wake, na hiyo hata uweke fedha mezani hutafunguliwa chupa. Forodhani ndiyo usiwaze kabisa. Pale jioni utakula pweza na mishikaki, utakunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, nawe utaridhika. Kwa hiyo uliza kabla ya kuketi. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo: uliza kabla ya kuketi.

Ila tangu nisome ujumbe wako nimekuwa nikiiwaza Arusha.

Sijui kama unaikumbuka ile hoteli, au unakumbuka chipsi kuku tu. Mama yako alikuwa amemaliza kozi yake ya uuguzi, tukapanda basi kwenda kumchukua. Nikasema leo hatuli kwa mama lishe, leo tunakula mezani penye vitambaa vyeupe. Kwenye kikapu nilikuwa na chupa moja niliyoifunga kwa khanga. Ulikuwa mvinyo mwekundu wa zabibu zetu wenyewe, zile za upande wa bwawa, aliousindika jirani yetu mwenye kiwanda kidogo. Unajua mwaka ule ulivyokuwa. Wanunuzi walichelewa, zabibu za watu zikaozea shambani, na watu wazima walilia mbele ya watoto wao. Zetu chache zilizookolewa ndizo zilizoingia kwenye chupa zile. Sikuibeba ile chupa ili nikwepe bei ya vinywaji vya hoteli. Nilitaka mama yako anywe jasho letu siku yake.

Na niliuliza. Nilimuuliza mlinzi getini, akasema ingia mzee, ongea na mhudumu. Nikamuuliza mhudumu, akasema subirini meneja. Nikamwambia kabisa kwamba nitalipia glasi na kazi ya kufungua. Meneja akaja, akaitoa chupa kwenye khanga yake, akaisoma lebo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika meza zote, “Mzee, hii ya Dodoma? Ingekuwa ya Afrika Kusini tungefikiria.” Meza ya pili yake walikuwa wageni wenye chupa yao waliyoingia nayo. Nilimwona mwenyewe yule mwenye kofia akiitoa begini. Wao waliletewa ndoo ya barafu.

Mama yako akaagiza chai. Hakusema neno. Alikunywa chai ya maziwa siku aliyomaliza masomo, akiwa amevaa gauni lile la kijani, na mimi nikairudisha chupa kikapuni mbele ya wanangu.

Najua atakachosema akiisoma barua hii, maana tumeshabishana mara nyingi. Atasema mlinzi si meneja. Atasema hoteli inaishi kwa vinywaji, kwamba kwenye sahani ya wali na kuku faida ni ndogo, na ile chupa ya mezani ndiyo inayolipa umeme, kodi ya leseni na mshahara wa mhudumu. Kila mtu akija na chupa yake, mwenye hoteli atafunga. Kweli. Mimi ni mkulima, najua uchungu wa mtu kupita mbele ya bidhaa yako akiwa amebeba ya mwingine. Ndiyo maana ile ada ya huko kwenu naiona ni ya haki. Unamlipa mtu glasi zake, barafu yake, mikono ya aliyefungua na ya atakayeosha, na faida aliyoikosa. Hoteli ikikataa kila chupa ya nje, sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho mpaka leo ni ile lebo. Chupa yetu haikukataliwa kwa kuwa imetoka nje ya hoteli. Ilikataliwa kwa kuwa imetoka kwetu.

Halafu ukatupeleka Stellenbosch, ule mji wa mvinyo karibu na Cape Town. Ulipoingia mgahawani na chupa mkononi nilijikaza, nikimtazama yule binti aliyekuja kutupokea. Akaichukua, akaifungua, akaleta glasi safi, basi. Mwisho ada ikaandikwa kwenye bili kama kitu cha kawaida, na wewe ukamwachia chochote kwa kuwa alitupatia huduma ya chupa ambayo hakutuuzia. Ukanifundisha na adabu zake. Mtu habebi chupa ambayo wao wenyewe wanaiuza, habebi ile ya bei rahisi ya dukani kwa ajili ya kubana matumizi tu, na akiona imewavutia anawaonjesha. Nilipenda sana hayo. Na ile zabibu nyeupe wanayoisifia kule ni Chenin Blanc, hii hii tunayoipogoa Hombolo, na asili yake ni Ufaransa, si kwao wala si kwetu. Watu wa Cape walikamua mvinyo wao wa kwanza mwaka 1659, na sisi mizabibu tuliletewa na wamisionari pale Bihawana katika karne iliyopita tu. Wametutangulia mno, siwabishii. Lakini kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, tunauamsha wenyewe kwa mkasi, na unazaa mara mbili kwa mwaka. Waulize Stellenbosch kama wanavuna mara mbili.

Sasa Zanzibar. Ukiniuliza moyo wangu, beba. Beba mwekundu na mweupe, tafuta mgahawa wenye leseni, lipa ada yao yote bila kupunguziwa, na lebo iangalie nje, kila apitaye aisome.

Lakini hatutakuwa peke yetu. Mama mkwe wako ni mlokole, hagusi kileo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tunakula naye meza moja tangu harusi. Sijui atajisikiaje chupa ikisimama katikati ya mazungumzo. Anaweza asijali. Mumewe nilimwona harusini akicheka vizuri na watu waliokuwa wanakunywa. Na tukiificha kwa ajili yake, je, hatutakuwa tumeirudisha kikapuni tena? Hapo nasitasita. Kisha nakumbuka kwamba ni yeye mgeni wetu kwa siku hizo, na mgeni ndiye anayeangaliwa kwanza. Mama yako alikunywa chai kwa sababu aliaibishwa, lakini yupo anayekunywa chai kwa kupenda, na mtu wa namna hiyo haonewi.

Kwa hiyo sisemi ndiyo, sisemi hapana. Ningependa sana kusema, unanijua. Lakini ni wewe uliyeolewa kule, wewe ndiye unayejua uso wa mama mkwe wako ukibadilika una maana gani. Zungumza na mumeo, naye azungumze na mama yake, mapema, kabla hamjakata tiketi za boti. Uliza kabla ya kuketi inahusu na watu, si migahawa tu.

Mkishakubaliana, lolote mtakaloamua, nitumie jina la mgahawa na namba ya simu. Nitampigia meneja mimi mwenyewe, nimwambie chupa inatoka wapi, ili aseme ndiyo au hapana nikiwa bado nyumbani. Na za msimu wa Agosti nimezitenga mbili, ziko chini ya kitanda penye ubaridi. Zikibaki, zitanywewa Krismasi.

Baba yako.