Kwa mnaoanza kuandika hadithi za kumsaka mnyama wa msituni

Wadogo zangu, nimemaliza rundo jingine la miswada yenu na makosa ni yaleyale ya mwaka jana. Kwa kuwa nawapenda, nitasema bila kupaka mafuta.

1. Mtoeni simba kwenye msitu wa mlimani. Ukiandika Rungwe, mlima wa kusini-magharibi mwa Tanzania, taharuki unayo tayari: ukungu, mianzi iliyofunga njia, mvua isiyokatika, baridi ya usiku.

2. Babu wa kijijini. Hapa mnaniumiza. Babu anasimulia habari za mnyama wa ajabu, watoto wanamcheka, sura ya nne anafika mtafiti na kamera, anamwona mnyama, na babu hatajwi tena! Basi someni habari za kipunji, kima wa misitu ya milimani Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua, wakawaeleza watafiti kwamba kuna kima mwenye haya anayekaa juu mitini. Watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni simulizi tu, kwa sababu masimulizi ya huko yana viumbe wa kweli na wa kufikirika pamoja. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mbali kabisa na Rungwe. Mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake peke yake (jenasi ni kundi la spishi za ukoo wa karibu), jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Ugunduzi wa Rungwe ulianzia kwenye mazungumzo na wawindaji. Kwa hiyo mpeni babu kazi: ajue mti gani umezaa, amkatalie mtoto swali la kipumbavu, aongoze njia. Wala msimfanye malaika. Kipunji huvamia mahindi, na wakulima humtegea. Mtoto anayempenda babu yake na kumpenda mnyama ambaye babu yake anamtega, hapo ndipo penye hadithi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeigusa.

3. Sauti itangulie mwili. Mlio wa kipunji ni honi iliyochanganyika na kubweka. Mtoto ausikie kurasa nyingi kabla hajaona ule ushungi wa nywele kichwani.

4. Msimkamate. Muswada mmoja umeishia kipunji akiwa bandani shuleni, watoto wakishangilia. Sensa ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2008, iliwakadiria kuwa 1,100 hivi tu, misitu ya Rungwe, Livingstone na Ndundulu ikihesabiwa pamoja. Mwacheni juu ya mti, mtoto arudi na matope na maswali.

Anzeni na sura ya nne. Ikishapona, nileteeni muswada mzima.