Saa ya shangazi yako

Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Assalam aleikum. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu, na punda wa jirani bado analia saa tisa za usiku kama ulivyomwacha. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Umeuliza mawili kwa pamoja. Profesa wako amekupa uchague kati ya utafiti wa stenti za mishipa ya moyo na utafiti wa vali, ile milango ya moyo inayopitisha damu, nawe wataka kujua uchukue upi. Hilo jepesi, ngoja kwanza. La pili umelifunika kidogo: "Baba, stenti ulizihama wakati ule ndiyo zinanoga. Ulikimbia nini?"

Nilipofika Ujerumani 1988, Grüntzig alikuwa ameshafariki, ndege yake ilianguka Marekani 1985. Lakini kwenye chumba cha katheta, ile mirija myembamba ipitishwayo mshipani, jina lake lilitajwa kama la mzee wa mtaa. Huyu ndiye aliyekuwa akiunda maputo madogo jikoni kwake Zürich, na Septemba 1977 akapitisha moja kwenye paja la bwana wa miaka 38 hadi mshipa wa moyo, akalijaza, palipobana pakapanuka. Mgonjwa yu macho. Kabla ya hapo ilikuwa ni kumeza vidonge au kupasuliwa kifua, hakuna la kati. Miaka kumi baadaye walimpiga picha tena, mshipa uko wazi vilevile.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Kwa kiasi cha theluthi, mshipa ulirudi kujibana ndani ya miezi sita. Ndipo ikaja stenti, kijidema cha chuma kinachoachwa humo ndani kuushikilia ukuta. Na mtu lazima apime kama kweli unashikika. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hujawahi kukiona kile chumba. Giza mchana kutwa, filamu ya milimita 35 ikipita kwenye projekta, moyo wa mtu ukipiga ukutani bila sauti. Nasimamisha picha pale mshipa uliponyooka, naweka kalipa, kile kipimo cha miguu miwili. Katheta nayo inaonekana mle ndani, na unene wake tunaujua, kwa hiyo ndiyo rula yetu. Kabla: milimita 0.9. Baada ya stenti: 2.8. Miezi sita: 2.1. Naandika, napeleka filamu mbele. Matokeo ya BENESTENT, jaribio la kulinganisha stenti na puto tupu, yalipotoka 1994, kwamba kujibana tena kumeshuka kutoka asilimia 32 hadi 22, chumba kizima tulishangilia na kahawa nikalipa mimi. Nilikuwa mzuri, mwanangu, nasema bila haya. Mkono wangu na wa mwenzangu tukipima filamu moja, hatukupishana.

Ila kwa miaka tisa sikumwuliza mwenye mshipa hata mmoja kama sasa anaweza kupanda ngazi.

Shangazi yako hakuweza. Utotoni aliugua mafindofindo kama watoto wote wa hapa, yakaja yakapita. Wiki mbili tatu baadaye magoti yakavimba, yakapoa, vikafuata viwiko. Bibi yako akamsinga mafuta ya simsim, akaonekana amepona. Nani angejua kwamba mwili ukipigana na wale vijidudu vya koo unaweza kuugeukia moyo wake wenyewe, na kila koo likirudi vali zinazidi kukunjamana? Alipofika miaka ishirini alikuwa akikaa kitako katikati ya ngazi kupumzika, akijifanya anachambua mchele. Kuna Mjapani, Inoue, aliyebuni puto la kupanua vali kama zile bila kisu, lakini ya shangazi yako ilikuwa imeshachakaa na inavuja. 1989 wakamfungua Nairobi, wakamwekea ya chuma.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia. Kisahani kinainama damu ipite, kisha kinajifunga, ti, ti, ti. Ulikuwa ukilala naye chandarua kimoja, ukawaambia wenzako madrasa kwamba shangazi amemeza saa.

Vali ya chuma haichakai upesi, lakini damu hupenda kuigandia. Kwa hiyo ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yote, na warfarini haina adabu: ikipungua damu inaganda, ikizidi mtu anavuja ndani, na hata mchicha na kisamvu huitikisa. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Siku hizo kupima maana yake boti hadi Mokowe, basi kwa msafara wa askari kwa ajili ya majambazi wa njiani, Malindi, kisha Mombasa. Mwisho wa 1997 mvua za El Niño zikaikata barabara kule Garsen. Ufizi ulimtoka damu kidogo, zahanati moja ikampunguzia vidonge bila kipimo. Hayo niliyasoma baadaye kwenye barua ya mama yako.

Nilichosikia kwanza ni simu. Mama yako yuko posta, akakupa unisalimu. Ulikuwa na miaka sita. Ukasema, "Baba, saa ya shangazi hailii tena."

Najua hukumbuki. Hujawahi kulitaja nami sikutaka kukukumbusha. Nilikuwa na kalipa mkononi. Wewe sasa ni daktari wa moyo, huna haja ya kuelezwa vali ya chuma iliyonyamaza ina maana gani, na kwamba hapo panahesabiwa saa. Ndege ilipatikana siku ya tatu. Ilipotua Manda alikuwa ameshazikwa.

Nilirudi kwenye projekta nikapima filamu sita. Ya saba ilinishinda. Kwa hiyo nilikimbia nini? Kile chumba, mamangu.

Usinielewe vibaya kuhusu stenti. Mtu akishikwa na mshtuko wa moyo usiku wa manane, mfungulie mshipa, hilo halina mjadala. Neno langu ni wale wenye maumivu ya kifua ya siku nyingi, wanaokuja kwa miguu yao. Mwaka 2017 wenzetu wa London walithubutu. Wagonjwa 200, wote wamepewa dawa kamili, wote wamelazwa mezani na kutiwa usingizi, masikio yamezibwa, na nusu yao hawakuwekewa chochote. Wiki sita baadaye wakatembezwa kwenye mashine. Waliowekewa stenti waliwazidi wenzao kwa sekunde 16 na kitu, tofauti ambayo kihesabu haikusimama. Madaktari wakaghadhibika kana kwamba wametukanwa wazazi! Watafiti walewale wakarudi 2023 na wagonjwa 301, safari hii bila dawa za kifua, na stenti ikapunguza maumivu kweli. Hao ndio watafiti. Utafiti wa kwanza haukuwafanya maadui wa stenti, wa pili haukuwafanya mawakala wake.

Na huko kwenye vali nilikohamia nilikuta nini? Cribier, Mfaransa wa Rouen, alipitisha vali mpya ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kwa katheta 2002 bila kufungua kifua, na kwa wazee wasioweza kupasuliwa ni neema: 2010 ilionekana kwamba ndani ya mwaka mmoja walifariki karibu 31 katika mia, na wasiowekewa karibu 51. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 83. Mayosi wa Afrika Kusini na wenzake walipohesabu wagonjwa 3,343 wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile iliyomshika shangazi yako, katika nchi 14 na Kenya ikiwemo, nusu yao hawakuwa wamezidi miaka 28. Umri wa shangazi yako. Na vali ile ya Cribier hujishikiza kwenye chokaa iliyoganda kwenye vali ya mzee, chokaa ambayo vali ya msichana wa Kizingitini mara nyingi haina. Tulitumaini basi dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu zitatuokoa na safari za Mombasa. Mojawapo, dabigatrani, ikajaribiwa kwa wenye vali za chuma, jaribio likasimamishwa mapema, matokeo 2013: damu iliganda zaidi na kuvuja zaidi. Tuko na warfarini hadi leo.

Utafiti ninaouhusudu ni wa kaskazini ya Uganda. Walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja kwa eko, mashine inayoupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, wakawaingiza kwenye jaribio 818 ambao vali zimeanza kuguswa na wao hawana habari. Nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Waliozidi kuharibika miongoni mwao hawakufika mmoja katika mia. Wasiochomwa, wanane katika mia. Penisilini! Dawa ya enzi za babu yako.

Sasa uchague nini. Umeniandikia kwamba ule wa vali ni kulinganisha vali za kampuni mbili kwa wazee, na ule wa stenti una kundi la kiini macho, litakalolazwa bila kuwekewa kitu, na mgonjwa ataulizwa kila siku kwenye simu yake kama kifua kimeuma. Chukua wa stenti. Utashangaa kusikia hivyo kwangu, lakini huko utafundishwa kumwuliza mwenye mshipa, jambo ambalo mimi sikufundishwa. Na vali usiichague kwa ajili ya shangazi yako. Deni lile langu, nalilipa kwa mwendo wangu.

Alhamisi naenda Faza na mashine ya eko, bahari ikiruhusu. Ukija Desemba niletee vijiti vya ile mashine ndogo ya kupimia damu kidoleni, paketi mbili. Uvitie kwenye begi la mkononi, visipikike na joto. Kuna mama mmoja Matondoni ana vali ya chuma, na mwanawe ameagizwa na mimi ategee sikio kila usiku.

Baba yako