Tulisoma dua ya shukrani, sasa saratani imerudi

*Shangazi, naishi Tandahimba, nina miaka 36. Miaka mitatu iliyopita nilitibiwa limfoma, saratani ya tezi, pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Nikapona, tukachinja mbuzi, tukasoma dua ya shukrani. Sasa uvimbe wa shingoni umerudi na kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe kimethibitisha. Naona haya, kama niliwadanganya watu. Mama sijamwambia. Mume wangu anataka tusubiri fedha za korosho, wifi anasema ni mkono wa mtu. Nitapata wapi moyo wa kuanza upya?*

Mwanangu, pole sana.

Nianze na hiyo haya, maana naona ndiyo iliyokufunga miguu. Siku ile mlishukuru kwa kuwa tezi zilinywea na wewe ukarudi shambani. Uongo uko wapi? Hukumwahidi mtu kwamba ugonjwa hautarudi. Hata daktari hakuahidi, ndiyo maana alikupangia kliniki za kurudi. Limfoma ina tabia hiyo: seli chache zikinusurika dawa hukaa kimya, kisha huzaliana. Si kwamba umerogwa. Wifi mwambie hivyo kwa adabu, mara moja tu, kisha badilisha mazungumzo.

Kurudi si mwisho wa tiba. Zipo limfoma ambazo hata zikirudi madaktari bado hulenga kuponya, kwa dawa tofauti na za kwanza, na baadhi ya wagonjwa hupandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nyingine huenda polepole. Mtu huishi nazo miaka, anatibiwa, anapumzika, anatibiwa tena. Hukuniandikia yako ni aina gani, na huenda hujui. Muulize daktari akuandikie kwenye daftari jina kamili la aina hiyo, imefika hatua gani, na dawa mpya zinakusudia kuponya au kuupunguza tu ugonjwa. Ukishajua hayo, moyo utapata pa kushika.

Kuhusu korosho, sikubaliani na mumeo hata kidogo. Tezi haisubiri mnada. Kopeni nauli, uzeni mbuzi mwingine, na mkifika hospitali nendeni ofisi ya ustawi wa jamii mweleze hali yenu kabla hamjakimbia gharama ambazo hata hamjatajiwa.

Dripu za dawa za saratani zikianza, nunua kipimajoto. Homa ikifika nyuzi 38 usimeze panadol ukalala. Kinga inakuwa chini na maambukizi huenda haraka. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na uwaambie mapema kwamba uko kwenye dawa za saratani. Dawa za miti usichanganye kimyakimya. Kama umeshakunywa, mwambie daktari. Hatakuwa wa kwanza kusikia.

Mama mwambie wewe mwenyewe, kabla hajasikia sokoni. Atalia, mwache alie. Kesho yake mwombe akae na watoto, ukate tiketi ya basi la Dar wiki hii.